Rangi ya Upande wa Pili

Nsimire wangu,

Maman yako amekwisha kukuambia yote ya sweta, ya dawa na ya kutokunywa maji ya ziwa, mimi sitarudilia. Na kama kuna yenye alisahau, ataikumbuka kesho asubui kwenye mulango wakati gari inangojea, unamujua. Mimi niko hapa mu atelier yetu ya useremala. Courant ya umeme imekatika tena, tour, hii mashine ya kuzungusha muti, imenyamaza na kibao cha muti juu yake, na kalamu yako iko mbele yangu, haijaisha. Ninakuandikia juu sijui kusema. Hapana, hiyo ni uongo, ninajua kusema, ninabishana na wateja muchana kutwa mpaka koo inakauka. Ni na wewe tu, tangu ile siku ya Mungu, kinywa changu kimekataa.

Unakumbuka namna uliniuliza. Tulikuwa tumetoka misa, tumekula, maman yako alikuwa anaosha sahani inje na anaimba. Ukaja ukakaa juu ya kile kiti chenye muguu mubovu, na haukuzunguka na maneno hata kidogo. Uliniambia: "Papa, masere wanakuja kunichukua niwe mutawa. Unanitoa ao haunitoe? Bila neno lako siendi."

Na mimi nikajibu nini? Nikajibu: "Acha kwanza nimalize hii kalamu yako."

Mutu muzima, na ndevu nyeupe. Mutoto ananiuliza juu ya maisha yake yote, mimi ninamujibu namna ninamujibu mutu mwenye alikuja kuuliza kama kitanda chake kimeisha. Uliinuka, ukaenda kusaidia maman yako na sahani. Nilibaki hapa nimeshika papier-verre ya kusugulia mukononi na sikujua niko nakwangua nini.

Masere mukubwa alikuwa ametuelezea vizuri. Alisema kwamba haiko sheria ya Kanisa, ni desturi yao tu kule: hawachukue musichana kama baba na mama yake hawajasimama kwenye mulango wa nyumba yao wakasema kwa kinywa chao wenyewe kwamba wanamutoa. Maman yako amekwisha kusema ya kwake, na wimbo juu yake. Imebaki yangu. Nikisema, kesho unaenda Kalehe kuanza maisha ya utawa. Nikinyamaza, unabaki hapa, na ninakujua, hautanilaumu hata siku moja, na hiyo ndiyo itaniua.

Basi wacha niseme kwanza juu ya kalamu, juu hapo angalau ninajua kidogo ninachosema.

Hii kazi ya plexi ni wewe uliianzisha, siyo mimi. Mimi nilikuwa mutu wa mbao: miguu ya meza, vinara vya altare, vitanda vya watu wenye kuoa. Wewe ungali sekondari, siku moja ukarudi na kifurushi cha vipande vya ile plastiki ngumu, nyekundu, ya buluu, ya rangi ya maziwa, yenye wale wa kuandika alama za maduka wanatupa. Nilikuambia utoe hiyo takataka mu atelier yangu. Haukutoa. Halafu ukaja na ile fikra yako ya kalamu ya ndoa, ukanielezea nikiwa ninakula: ya kwamba bwana arusi na bibi arusi wakiinama kuandika majina yao mu kitabu cha kanisa, watu wote wanaangalia mukono. Basi wawe na kalamu yao. Tuchukue rangi ya kitambaa chenye upande wa musichana wamevaa, na rangi ya upande wa kijana, tuzikate vipande vidogo, tuzigandishe moja kwa ingine na kola, ile gundi yetu, katikati tuweke kamustari kembamba tumekakata mu mukebe wa pombe ya bière, halafu tuzungushe yote mu tour mpaka iwe kitu kimoja. Nilikuuliza nani atataka hiyo. Leo akina mama wanakuja hapa na kona ya kitambaa cha pagne mu sakoshi ya mukononi, wanagombana juu ya rangi kuliko juu ya ng'ombe wa mahari.

Na unakumbuka ya kwanza namna niliiharibu. Mimi nilizoea muti, muti unaukandamiza, unakusikia. Nikakandamiza plexi vilevile, ikapata moto, ikageuka nyeupe, ikaanza kuvuta nyuzi na kugandamana na papier-verre. Nilitukana, Mungu anisamehe, na ulikuwa ungali musichana mudogo. Wewe ukachukua kopo la maji, ukalowesha papier-verre, ukaniambia nilegeze mukono. Nilegeze mukono! Mutoto wa sekondari. Nilikasirika mpaka jioni, halafu kesho yake nikalegeza mukono. Tangu pale tuligawana: mimi ninakata na kuzungusha, wewe unang'arisha. Kwanza papier-verre ya kukwaruza, kisha ile laini yenye mafundi wa kupiga magari rangi wanatumia, kila mara na maji, na mwisho dawa ya meno juu ya kitambaa cha shati la zamani, mpaka mutu anaona dirisha la atelier ndani ya kalamu.

Sasa nikuambie kitu chenye haujui. Tangu ile kalamu ya kwanza niliweka pembeni kipande kimoja chekundu, kile cha rangi ya divai, sawa na pagne maman yako alivaa siku nilienda kumuomba kwao Miti. Nilikifunga mu karatasi, nikakificha nyuma ya mbao. Kilikuwa cha kwako. Upande wetu. Nilikuwa ninangojea tu mama fulani aingie hapa na kona ya pagne ya upande wa pili. Na siwezi kusema kwamba nilingojea nimekaa tu. Yule kijana wa université, mwenye kalamu yake ilikuwa inaharibika kila wiki, unafikiri sikumuona? Nilimupa kiti kizuri. Nilimuambia hata kwamba wewe ndiwe unajua kupika sombe. Maman yako alicheka akasema ninauza mutoto kama mbuzi wa soko. Sasa ninajiuliza kama ulisikia hayo maneno na kama yalikukimbiza. Usinijibu. Ao nijibu. Sijui.

Basi mara ya kwanza uliposema utawa, nikatoa kile kipande chekundu, nikakikata, nikakipanga juu ya meza, na pale nikakwama. Rangi gani iende pembeni yake? Kwa ndoa ninajua kuuliza: leteni pagne. Sasa hii mara nani ataniletea pagne? Masere mukubwa alipokuja kututembelea nilimungojea kwenye mulango, nikamuuliza upande wao wanavaa rangi gani. Alifikiri ninachekesha. Alipoona sichekeshe, alifikiri kidogo, akasema tia buluu, ao nyeupe, namna utakavyo papa, sisi hatuna rangi yetu. Namna nitakavyo! Ingekuwa namna nitakavyo, masere, ungekuwa umekuja bure na gari yako. Sikumuambia hivyo. Nilimupa chai.

Nikajaribu buluu, ikatoka kama uniforme ya masomo. Nikajaribu nyeupe, ikatoka kama kidole kimefungwa ku hospitali. Nikavunja zote mbili. Halafu nikajiambia, muzee, kama haujui rangi, weka yenye haina rangi. Nikachukua plexi ya wazi, ile ya kuonyesha ndani kama kioo. Nyekundu yetu, wazi, nyekundu, wazi. Nikagandisha, nikangoja ikauke, nikatoboa, nikaingiza mule kipande cha antene ya radio ya zamani, chenye tunatumia kushikilia wino, nikaiweka mu tour. Na vile nilianza kuipunguza, nikaona. Nilisahau kupiga rangi ndani ya tundu. Mimi! Mimi mwenye ninakusumbuaka kila siku na "ndani kwanza, Nsimire, ndani kwanza". Kila kitu kilionekana: mikwaruzo ya kutoboa, tone la kola, antene yenyewe na kutu yake. Nikaivunja nayo.

Ya pili sikusahau. Nilichukua ile brosi ndogo, nikafungua kopo, halafu nikasimama. Rangi gani? Ukipiga rangi ndani ya plexi ya wazi, ni kusema ile rangi ndiyo utaona inje. Nilikuwa nimerudi palepale. Nilicheka peke yangu, mpaka Bahati wa jirani, yule mwenye kushona viatu, akauliza kama niko sawa. Nilimuambia niko sawa. Halafu, juu nilikuwa nimekasirika, nilitoboa kwa nguvu, na kalamu ikapasuka kutoka kichwa mpaka mukia.

Hapo ndipo nilianza kujiogopa, mutoto wangu. Nimetoboa vitu miaka na miaka, mukono wangu unajua. Ulienda wenyewe, ao mimi niliupeleka? Maana nilikuwa nimekuambia ungoje nimalize. Na kalamu isipoisha, siseme. Na nisiposema, unabaki. Niliangalia ile kalamu yenye kupasuka na sikuweza kuapa kwamba ilikuwa bahati mbaya. Mpaka sasa siwezi.

Nilikaa chini hapa, na mutu mwenye alinikuja mu kichwa hakuwa wewe, alikuwa babu yako.

Hii habari umeisikia, lakini nilikuambia vibaya. Nilikuambia siku zote kwamba babu yako kule Bunyakiri alikuwa mutu wa hasira, mwenye hakutaka nije kujifunza useremala kwa tonton wa jamaa yetu hapa Bukavu. Ilikuwa hivi. Nilikuwa kijana, nilienda kumuona nyuma ya nyumba, alikuwa anatengeneza mupini wa jembe. Nilimuambia ninataka kuenda, na ninaomba aseme ndiyo. Hakunijibu. Hakuniangalia. Aliendelea kuchonga mupini, akaupima mukononi, akachonga tena. Nilisimama pale mpaka miguu inaniuma, halafu nikaenda kulala. Asubui nikapanda lori ya ndizi bila neno lake. Tuliposimama Miti, wengine walishuka kula, mimi sikushuka, nilikuwa ninaogopa ya kwamba nikishuka nitarudi nyuma kwa miguu.

Baadaye nilikuwa ninaenda kumutembelea. Alinipokea vizuri, alinichinjia kuku, aliuliza juu ya tour, juu ya maman yako, alikubeba wewe juu ya magoti. Hatukusema hata mara moja juu ya ile siku, na alikufa hatujasema. Na mimi, kila mara kitu kilinigeukia vibaya, moteri imeungua, muteja amekataa meza, wewe ulipougua malaria ile mbaya, nilijiambia moyoni: ni juu nilitoka bila neno. Hata siku za furaha. Siku tulifungua hii atelier watu wote walikuwa wanacheka, mimi nilikuwa ninaangalia barabara yenye inatoka Bunyakiri. Nilikuwa na uhakika ya kwamba alinikasirikia mpaka kaburini.

Na sasa niko hapa, ninakwangua kakalamu, mutoto wangu ameuliza kitu kimoja, na sijibu. Na sina hasira na wewe, Nsimire. Hata kidogo. Sielewi tu. Ninatafuta neno na sioni hata lianze na nini. Basi na yeye je? Kama hakuwa na hasira? Kama alikuwa tu na ule mupini mukononi, na hakuelewa mutoto wake anaenda kutafuta nini kwa watu wenye hajui, na alingoja neno limujie, na lori ikafika mbele ya neno? Nimemulaumu huyu muzee karibu maisha yangu yote. Leo sijui tena nililaumu nani.

Unaona niko nafika wapi. Mimi mwenyewe sikuona mpaka nimefika.

Usifikiri kwamba sasa nimeelewa. Sielewi. Wewe unajua kucheka kuliko watu wote wa hii nyumba, utaenda kucheka na nani? Ukiugua, nani atakuambia ukweli kwamba unafanya makusudi kusudi usioshe sahani? Masere mukubwa alisema tena kwamba kule kila kitu ni cha wote. Nilimuuliza, hata kalamu? Akasema hata kalamu. Ya kwamba inawezekana masere mwingine aichukue aandikie mambo ya soko. Rangi ya divai ya maman yako, kuandikia bei ya maharagi! Nilikasirika siku mbili. Halafu nikafikiri ya kwamba masere mwingine naye ni mutoto wa mutu. Halafu nikakasirika tena. Ndipo niko.

Na nani atang'arisha kalamu za watu? Kuna ndoa zinakuja, na mimi bado ninakandamiza. Ona namna niko, mutoto anamutafuta Mungu, mimi ninawaza commande za wateja.

Nikuambie kitu kingine na tuachie hapo. Wakati unang'arisha, hausikiaka. Ninakuita mara ngapi, maji yanachuruzika juu ya tablier yenye umevaa, macho yako iko juu ya kalamu lakini haiko juu ya kalamu. Nilifikiri umenikasirikia, ao una njaa, nikakupigia kelele uharakishe. Maman yako anasema ni pale ulikuwa unasali. Anasema alijua tangu zamani. Mimi niko karibu na wewe mita moja miaka yote hii, na sikuona. Sijui kama ni mimi kipofu ao ni wewe ulikuwa unajificha vizuri. Labda hata wewe ulikuwa haujajua.

Courant imerudi, niliacha kuandika, nimefanya kazi kidogo. Sikupiga rangi ndani. Nililainisha tundu pole pole na papier-verre nimeizungushia kakijiti, nikasugua kipande cha antene mpaka kutu ikaisha yote, nikakiingiza hivyo hivyo, kionekane. Nikapunguza. Nikang'arisha mimi mwenyewe, na maji, mukono nimelegeza, na ile dawa ya meno yako mpya, maman yako ataniua kesho akiitafuta mu sanduku. Haikutoka sawa na za kwako. Karibu na kifuniko kuna mustari wenye ulikataa kutoka, ukiigeuza kwenye mwangaza utauona. Lakini imeisha, utaikuta pamoja na hii barua. Siwezi tena kusema kwamba haijaisha.

Basi kesho. Masere mukubwa atafika mapema, gari itasimama pale barabarani, majirani watatoka kuangalia. Nitavaa ile koti ya misa. Nitasimama kwenye mulango, nitakutia alama ya musalaba juu ya paji la uso namna nilikufanyiaka kila mara ukienda kwenye examen, na nitajaribu kusema. Ninajijua. Nina damu ya yule muzee wa Bunyakiri. Inawezekana nitafungua kinywa na nitaanza kuuliza dereva juu ya pneu za gari yake.

Ikiwa hivyo, usingoje, na usifikiri kitu. Toa hii barua, umupe masere mukubwa asome hapa, kwa sauti, mbele ya watu wote:

Mimi, papa ya Nsimire, ninamutoa. Hakuna mwenye alinisukuma. Sijaelewa, na ninamutoa bila kuelewa. Siku yenye atataka kurudi, nyumba ni yake, asiombe mutu ruhusa, na hakuna mwenye atamuuliza juu ya nini.

Halafu upande gari. Ukiona ninalia, usishuke. Machozi siyo jibu langu, jibu langu ni ile yenye wamesoma.

Papa yako